Talaka ya Ng'ambo: Karatasi Moja Haifungui Milango Miwili

Katika somo la leo tutazungumza juu ya jambo ambalo zamani lilikuwa la watu wachache, nalo sasa limefika mpaka nyumbani kwetu: mtu aliyepata talaka katika nchi nyingine, ambaye anataka kufunga ndoa tena hapa kwetu. Sisi wa Kwale tunalijua vizuri. Vijana wetu wengi wametoka Kinango, wakapita Kwale na Kombani, wakashuka hadi Diani kutafuta kazi katika mahoteli ya pwani. Huko hukutana na wageni kutoka Ujerumani, Uingereza, Uswisi, Italia na kwingineko. Wengine hupendana, na wengine hutaka kuoana. Tena wapo watoto wetu waliokwisha kuolewa ng'ambo, wakaachwa huko, na sasa wamerudi nyumbani wakitaka kuanza upya.

Huenda ninyi mnaosoma mlifunga ndoa kanisani miaka mingi iliyopita, na mnajiuliza hayo yanawahusu nini. Yanawahusu sana. Ninyi ndio wazazi, wajomba, mashangazi na wasimamizi wa hao wanaotaka kuoana. Ninyi ndio mtakaokaa na wageni kupokea mahari. Mkijua la kuuliza mapema, mtaiokoa nyumba nzima na machozi.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Hebu tufikirie familia moja ya Kinango. Si familia ya mtu fulani. Ni mfano tu, lakini wengi watajiona ndani yake. Binti yao anafanya kazi Diani. Amechumbiwa na Mjerumani wa makamo, mtu mpole na mwenye heshima. Amekuja nyumbani mara 2, ameketi chini ya mwembe pamoja na wazee, na mahari imekubaliwa. Zamani alikuwa na mke kwao, lakini mahakama ya Ujerumani iliwapa talaka. Karatasi anayo, tena ina muhuri. Msajili wa ndoa ameitazama pamoja na tafsiri yake, wala hakuona kasoro. Siku ya arusi imepangwa, mbuzi wamenunuliwa, kwaya imeambiwa. Limebaki jambo moja tu, kwenda kwa Paroko ili ndoa itangazwe kanisani.

Paroko anawakaribisha, anaisoma ile karatasi, kisha anauliza: "Huyu ndugu yetu na mke wake wa kwanza walikuwa wamebatizwa?"

Binti anajibu: "Ndiyo, Padre, lakini si Wakatoliki. Ni Walutheri. Na hata hivyo waliachana zamani."

Paroko anaiweka karatasi mezani na kusema kwa upole: "Basi, mwanangu, kwa sasa siwezi kuitangaza ndoa hii."

Baba wa binti anarudi nyumbani amekasirika. "Serikali ya kwao imekubali, na ya kwetu imekubali," anamwambia mkewe. "Padre anataka nini tena?"

Swali la baba huyu si la ukaidi. Ni swali la haki, nalo linastahili jibu. Jibu lenyewe ni hili: mtu aliyewahi kuoa anayetaka kuoa tena kanisani ana milango 2 ya kupita, mlango wa serikali na mlango wa Kanisa. Kila mlango una ufunguo wake. Talaka ya mahakama, hata ikiwa halali namna gani, ni ufunguo wa mlango wa kwanza tu. Tuitazame milango hiyo mmoja mmoja.

MLANGO WA KWANZA: SERIKALI

Nchini Kenya ndoa zote, za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kiislamu na za Kihindu, zinaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Sheria hiyo yasema wazi kwamba mtu aliye katika ndoa ya mke mmoja hawezi kufunga ndoa nyingine maadamu ile ya kwanza ingali hai. Akifanya hivyo, ndoa ya pili ni batili tangu siku ya kwanza, hata kama palikuwa na pete, keki na picha. Tena ni kosa la jinai, ambalo adhabu yake chini ya Kanuni ya Adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 5.

Je, talaka iliyotolewa nje ya Kenya yatambuliwa hapa? Ndiyo, yaweza kutambuliwa, bali si kila talaka. Kifungu cha 61 cha sheria hiyo ndicho kinachotoa masharti. Swali kubwa ni uhusiano wa wanandoa wale na nchi iliyowapa talaka. Ikiwa mmoja wao ana makao yake ya kudumu katika nchi ya mahakama iliyotoa hukumu, Kenya huitambua. Sheria huangalia pia ukaazi wa kawaida wa muda usiopungua miaka 2 kabla ya kesi kufunguliwa. Tena huangalia kama mahakama ya nchi ya makao yao imetangaza kwamba inaitambua talaka hiyo.

Maana yake kwa lugha ya nyumbani ni hii. Mjerumani aliyeishi Ujerumani maisha yake yote, akapewa talaka na mahakama ya huko, kwa kawaida hatapata shida kwa upande huu. Lakini mtu aliyeruka kwenda nchi asiyoishi ili apate talaka ya haraka haraka, kisha akaja nayo Diani, huyo karatasi yake ina mashaka. Haraka haraka haina baraka, hata mahakamani.

Jambo lingine ni kwamba talaka iwe imekamilika. Katika nchi kadhaa hukumu hutolewa kwa hatua 2. Kwanza hutoka amri ya muda, na baadaye amri ya mwisho. Hapa Kenya ndivyo ilivyo, na Uingereza pia, ingawa majina ya amri hizo yalibadilishwa huko kuanzia Aprili 2022. Aliye na amri ya muda bado ni mume wa mtu au mke wa mtu. Kwa hukumu ya Ujerumani, tazameni kama ina maandishi ya mahakama yanayothibitisha kwamba imekuwa ya mwisho. Wengi hushangaa wakiambiwa warudi kutafuta muhuri mmoja, na huo muhuri mmoja ndio tofauti ya aliyefunguliwa na ambaye bado amefungwa.

KARATASI INAPOVUKA MPAKA

Msidhani kwamba talaka ikikubaliwa nchi moja imekubaliwa dunia nzima. Kila nchi ina mlango wake. Jirani zetu wa Tanzania, ng'ambo ya Lunga Lunga, wana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu chake cha 91 chafanana sana na kifungu chetu cha 61: nacho huuliza juu ya makao ya kudumu na ukaazi wa miaka 2. Kwa hiyo mwenye jamaa Tanga na mwenye jamaa Msambweni wataulizwa maswali ya namna moja.

Ujerumani ina utaratibu wa namna nyingine. Talaka iliyotolewa nje ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano hapa Kenya, kwa kawaida lazima kwanza itambuliwe rasmi na mamlaka ya haki ya jimbo la huko kabla mhusika hajaruhusiwa kuoa tena. Wanaoepushwa na hatua hiyo ni wale ambao mume na mke wote walikuwa raia wa nchi iliyotoa talaka. Binti yetu wa Kinango aliyeolewa na Mjerumani, kisha wakaachana katika mahakama ya Kwale au Mombasa, asishangae akiambiwa kwamba huko Ujerumani wangali wanahesabiwa kuwa mume na mke mpaka hatua hiyo imalizike.

Wafilipino nao, ambao wengi wao ni Wakatoliki wenzetu, kwa jumla hawana sheria ya talaka nchini mwao. Mfilipino aliyetengana kwa talaka na mwenzake wa nchi ya kigeni hana budi kuipeleka talaka hiyo mbele ya mahakama ya Ufilipino ili itambuliwe, ndipo aweze kuoa au kuolewa tena. Mwaka 2018 Mahakama Kuu Kabisa ya huko iliamua kwamba haki hiyo ni ya Mfilipino hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyeomba talaka.

Wazee wetu wanaokumbuka sinema za zamani watamkumbuka Sophia Loren wa Italia. Mwaka 1957 mtayarishaji wa filamu Carlo Ponti alipata talaka Mexico, akamwoa Sophia huko huko Mexico. Ndoa hiyo ilifungwa na mawakili waliosimama kwa niaba yao, wao wenyewe wakiwa mbali. Wakati huo Italia haikuwa na talaka, wala haikuitambua ile ya Mexico. Wakashtakiwa kwa kosa la ndoa mbili, na mwaka 1962 ndoa ya Mexico ikabatilishwa. Iliwabidi wachukue uraia wa Ufaransa, Ponti na mke wake wa kwanza wakapewa talaka huko, na mwaka 1966 Ponti na Sophia wakafunga ndoa ya kiserikali Ufaransa. Talaka ilikuja Italia kwa sheria ya mwaka 1970. Watu wale walikuwa na fedha na mawakili wengi, na bado walihangaika miaka 9. Je, binti wa Kinango mwenye mshahara wa hoteli atahangaika miaka mingapi?

NA NDOA YA KIMILA?

Tusitazame karatasi za mgeni peke yake. Tujitazame na sisi. Mara nyingine mgeni ndiye aliye huru, na mtoto wetu ndiye aliyefungwa. Alikwisha kuolewa kwa mila, mahari ikatolewa, baadaye wakaachana na wazee wakarudishiana mali. Nyumbani watu husema, "Yamekwisha." Lakini chini ya sheria ya 2014 ndoa ya kimila ni ndoa kamili. Wazee wanaruhusiwa kusuluhisha kwanza, na hilo ni jema, bali anayeivunja kisheria ni mahakama. Tena sheria hiyo humkataza aliye katika ndoa ya kimila kufunga ndoa ya mke mmoja na mtu mwingine. Basi msimwandikie mtoto wenu "hajaolewa" katika fomu za ubalozi wakati ng'ombe wa mtu walikwisha kula majani yenu. Huo ni uongo, na uongo ulioanza kwenye fomu huja kuonekana siku mbaya.

MLANGO WA PILI: KANISA

Sasa turudi kwa Paroko wetu. Kwa nini alikataa kutangaza?

Mafarisayo walipomwuliza Bwana wetu Yesu juu ya talaka, yeye hakuanza na Musa. Aliwarudisha mwanzo, pale Mungu alipowaumba mume na mke ili wawe mwili mmoja, akafundisha kwamba mwanadamu hana mamlaka ya kutenganisha kilichounganishwa na Mungu (Mathayo 19). Hapo ndipo Kanisa linaposimama. Ndoa halali ya wabatizwa wawili, iliyokamilika kwa kuishi kama mume na mke, haivunjwi na uwezo wowote wa kibinadamu, ila kwa kifo (Kanuni 1141). Si hakimu wa Kwale, si hakimu wa Ujerumani, wala si Askofu mwenyewe awezaye kuivunja.

Kwa hiyo Kanisa halibishani na mahakama ya Ujerumani kwamba talaka ilitolewa. Ilitolewa, na ina nguvu katika mambo ya mali, majina na matunzo ya watoto. Kanisa huuliza swali jingine: je, siku ile ya kwanza palikuwa na ndoa ya kweli? Maadamu swali hilo halijajibiwa kwa hakika na kwa njia halali, Kanuni 1085 yakataza ndoa nyingine, hata ikiwa watu wanaamini kwamba ile ya kwanza ilikuwa batili.

Hapa wengi wetu hukosea. Husema, "Huyo si Mkatoliki, ndoa yake haihesabiwi." Inahesabiwa! Kanisa huheshimu ndoa za watu wote. Hebu tutazame hali 4.

1. Walutheri, Waanglikana au wabatizwa wengine wasio Wakatoliki walioana wao kwa wao. Ndoa yao huchukuliwa kuwa halali na ni sakramenti, hata kama waliifunga katika ofisi ya serikali tu, kwa sababu wao hawafungwi na sheria yetu ya kufunga ndoa mbele ya padre na mashahidi. Hii ndiyo hali ya yule Mjerumani wa mfano wetu.

2. Mkatoliki aliyefunga ndoa ya serikali tu, ile ambayo wazee bado huiita ya kwa D.C., bila ruhusa ya Kanisa. Yeye alifungwa na sheria ile, naye hakuifuata. Kwa hiyo mbele ya Kanisa ndoa hiyo ilikosa umbo linalotakiwa. Uchunguzi wake kwa kawaida ni mfupi, lakini lazima ufanywe na wenye mamlaka. Paroko hawezi kuamua kwa kichwa chake, wala wachumba kwa kichwa chao. Na Mzungu aliyejiondoa katika Kanisa kwao ili asilipe kodi ya kanisa asifikiri kwamba amefuta ubatizo wake. Ubatizo haufutiki.

3. Watu 2 ambao hawakubatizwa, na mmoja akabatizwa baadaye, mwenzake asitake kuendelea kuishi naye kwa amani. Mtakatifu Paulo aliligusa jambo hili katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7. Kanisa lina njia yake, iitwayo haki ya Kipaulo, ambayo huanza kwa kumwuliza yule asiyebatizwa. Hapa kwetu Kwale, ambako jirani zetu wengi ni Waislamu, hali hii hutokea. Talaka ya Kadhi peke yake haitoshi kumfungulia mtu mlango wa Kanisa.

4. Mbatizwa aliyeoana na asiyebatizwa. Kuna nafasi ya kuomba ndoa ya namna hiyo ifunguliwe kwa ajili ya imani, lakini uamuzi huo ni wa Baba Mtakatifu, na ombi hupitia kwa Askofu.

MAHAKAMA YA KANISA SI MAHALI PA KUTISHA

Kwa hali ya kwanza, njia iliyopo ni kuiomba mahakama ya Kanisa ichunguze kama ndoa ile ya kwanza ilikuwa batili tangu mwanzo. Tofautisheni vizuri: talaka husema, "Palikuwa na ndoa, sasa tumeivunja." Tamko la ubatili husema, "Tumechunguza, tumeona ndoa ya kweli haikuwapo." Labda mmoja alilazimishwa. Labda alikuwa amekusudia moyoni kutokuwa mwaminifu au kukataa watoto kabisa. Labda hakuwa na uwezo wa akili wa kuelewa na kubeba wajibu wa ndoa. Ugomvi uliokuja miaka 10 baadaye si sababu kwa wenyewe. Linalochunguzwa ni siku ya ahadi.

Baba Mtakatifu Fransisko alirahisisha utaratibu huu kwa barua yake ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba mwaka huo. Zamani zilihitajika hukumu 2 zinazolingana. Siku hizi hukumu 1 yatosha, kama hakuna aliyekata rufani. Tena kesi yaweza kufunguliwa mahali ndoa ilipofungwa, au mahali anapoishi mmoja wa wawili hao, au mahali penye ushahidi mwingi. Kwa hiyo binti wa Kinango aliyefunga ndoa kanisani Ujerumani halazimiki kusafiri hadi huko. Aweza kuanzia kwa Paroko wake, naye ataelekezwa kwa mahakama ya Kanisa ya Jimbo Kuu la Mombasa. Mgeni aliyekaa Diani miezi 3 kamili naye huhesabiwa kuwa na ukaazi wa kutosha kuanza hapa.

Msiogope gharama kupita kiasi, kwa maana Baba Mtakatifu aliagiza huduma hii itolewe bure kadiri iwezekanavyo. Sheria ya Kanisa huwataka mahakimu wajitahidi kumaliza kesi ya ngazi ya kwanza ndani ya mwaka 1. Lakini tuseme kweli: mahakama yaweza kujibu "ndiyo", na yaweza kujibu "hapana". Ndiyo maana hatupangi siku ya arusi kabla ya jibu.

Na kinyume chake pia ni kweli. Aliyepewa tamko la ubatili na Kanisa asikimbilie madhabahuni bila talaka ya serikali. Mbele ya sheria ya Kenya angali ana mke. Kanisa lenyewe laagiza kwamba padre asisimamie ndoa ambayo sheria ya nchi haiwezi kuitambua, wala ya mtu mwenye wajibu kwa mwenzake wa zamani au kwa watoto wa ndoa ya kwanza, bila ruhusa ya Askofu (Kanuni 1071). Watoto walioachwa Ujerumani nao ni watoto. Mwulizeni mgeni wenu: je, anawatunza?

FANYENI HIVI

Kijana wenu akileta mchumba aliyewahi kuoa au kuolewa popote pale, fuateni mpango huu:

1. Ulizeni mapema, kabla ya mahari na kabla ya kuanza kujenga nyumba: "Mwanangu, umewahi kufunga ndoa? Ya namna gani? Na nani? Wapi?" Kuuliza si kumtukana mgeni. Mgeni mwema hujibu.

2. Kusanyeni karatasi: cheti cha ndoa ya kwanza, hukumu nzima ya talaka yenye uthibitisho kwamba ni ya mwisho, na tafsiri ya mfasiri anayekubalika. Picha ya simu haitoshi.

3. Nendeni kwa Paroko kabla ya kwenda kwa msajili. Pelekeni cheti cha ubatizo kilichoandikwa upya karibuni, kwa kuwa ndoa ya kanisani huandikwa pia katika kitabu cha ubatizo, na hapo ndoa ya zamani huonekana.

4. Mwulizeni wakili au ofisi ya msajili wa ndoa kama talaka hiyo yatambuliwa Kenya. Kama wataishi ng'ambo, ulizeni na ubalozi wa nchi hiyo.

5. Siku ya arusi ipangwe mwisho kabisa, milango yote miwili ikiwa imefunguka.

KWA ALIYEACHWA BILA KUJUA

Huenda mmoja wa wasomaji wetu yuko upande wa pili. Mume wako alikwenda kufanya kazi Ulaya au Uarabuni. Simu zikapungua, fedha zikapungua, kisha siku moja ikaja bahasha yenye barua ya mahakama ya kigeni: umeachwa. Hukuitwa, hukuulizwa. Dada yangu, usiichane barua hiyo. Ipeleke kwa wakili au kwa watoaji wa msaada wa sheria. Hukumu iliyotolewa bila wewe kupewa nafasi ya kusikilizwa yaweza kupingwa. Tena Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 huhesabu jasho lako la nyumbani, kulea watoto na kulima shamba, kuwa mchango katika mali. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 humtaka baba awatunze watoto wake popote alipo.

Na mbele ya Kanisa? Wewe hukutenda dhambi kwa kuachwa. Wako wanawake na wanaume wanaoacha kupokea Komunyo kwa aibu, wakidhani talaka imewatenga. Sivyo. Aliyeachwa, akiwa hajaingia katika ndoa nyingine, aweza kupokea Sakramenti kama mwamini yeyote. Hata kama wewe mwenyewe ulilazimika kuomba talaka ya serikali ili kuwalinda watoto na shamba lako, Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2383) yafundisha kwamba jambo hilo laweza kuvumiliwa, wala si kosa la kimaadili, pale ambapo hakuna njia nyingine ya kulinda haki hizo. Rudi kwenye benchi lako kanisani. Na sisi wengine katika Jumuiya Ndogo Ndogo, tumpishe akae, tena tusimnong'one.

TUMALIZE

Yule baba wa mfano wetu alirudi kwa Paroko wiki iliyofuata, hasira ikiwa imepoa. Alikwenda pamoja na mkewe, binti yao na yule Mjerumani. Mambo yakaelezwa polepole kama tulivyoyaeleza hapa. Yule mgeni akakaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba kwao hakuna aliyewahi kumwuliza kama ndoa yake ya kwanza ilikuwa ya kweli. Walimwuliza juu ya nyumba na gari tu. Akakubali kuanza kesi. Arusi ikaahirishwa, na mbuzi wakarudi malishoni.

Hatujui jibu la mahakama litakuwa nini, wala wao hawajui. Lakini binti yule anaendelea kupokea Ekaristi kila Jumapili, mchumba wake anaketi kando yake, na hakuna aliyemdanganya mwenzake. Arusi iliyoahirishwa si aibu. Aibu ni nyumba iliyojengwa juu ya jambo ambalo hakuna aliyethubutu kuliuliza.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Mtoto wetu akituletea mchumba aliyewahi kuoa, ni nani kati yetu wawili atakayeuliza, na atauliza kwa maneno gani?

2. Je, katika ukoo wetu yuko aliyeachwa ambaye ameacha kuja kanisani? Tumemtembelea lini?

3. Je, sisi wenyewe tuna cheti chetu cha ndoa ya kanisa na cha serikali, na watoto wetu wanajua kilipo?

Mungu awabariki katika ndoa zenu. Amani ya Kristo iwe nyumbani mwenu.